Zamu ya Kufua

Jezi yako namba sita, misimu kumi na tisa,
matope nimeyafuta, damu nimeitakasa;
goti lako kwa ufuta, usiku hulipapasa,
hata siku sijateta: "Shee, pumzika sasa."

Bunu yuko Mkunguni, apima watu mchele;
Mbwarahaji yu shambani, tumbo limetoka mbele;
wewe bado Twaifuni, na mvi ndani ya nywele.
Alokupita ni nani, kwa mbio zako za kale?

Ni Shekuwe, wetu mwana, nawe ukabaki chini;
ukacheka, nikaona mchanga uko kinywani.
Leo jezi naibana, begani na kiunoni.
Ila kufua, hapana: sasa ni zamu ya nani?