Ukurasa wa Nyuma wa Kitabu cha Matanga

Usiku wa pili wa matanga, Lubumbashi, mtaa wa Kenya:
viti thelathini vya kukodi, kimoja mguu mbovu,
makala yanapumua kwenye mbabula,
na kalamu iko kwangu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Mbele ya kitabu, majina na faranga.
Kabwita, elfu tano. Jumuiya ya kanisa, gunia la unga.
Mwenye mashine ya kusaga, elfu mbili na ahadi.

Nyuma ya kitabu, nani alianza sikumbuki,
nikaandika: *Wachezaji Bora Tangu Mpira Uwe Duara*,
nikapiga mstari kwa ukingo wa sahani.

"Moja, Pele," akasema Kapya,
kama mtu anayetaja jina la babake mbele ya hakimu.
"Ulimwona wapi?" Mande akamdaka.
"Redioni."
"Redioni hata mimi nina chenga."

Maradona, basi. Mkono, wakasema wengine, mkono ule.
Bonifasi, mlinzi wa bohari ya saruji, akataka tuhesabu vikombe.
Kijana wa kuuza salio akataka tuhesabu magoli;
hesabu zote anazo mfukoni, kwenye simu iliyozimika.
Katekista Mwepu akainua kidole:
penalti, na kichwa cha dakika ya tisini kwenye tope,
mnatia kapu moja?
Samaki mbichi na mkavu, tangu lini bei ni moja?
Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta tena
mpaka namba moja ikawa tundu kwenye karatasi.

Hakuna aliyemtaja yule aliyetukalisha pale.
Yeye alikuwa Sendwe, kwenye baridi ya hospitali, akingoja sanduku:
Twite, winga wa kushoto wa timu ya wayeyusha shaba,
aliyetoka zamu ya usiku na masizi masikioni,
akavua buti za kazi, akavaa viatu vya Jumapili,
cha kushoto arobaini na mbili, cha kulia arobaini na nne,
maana vilikuwa viatu vya watu wawili.
Mara moja, au mara tatu, inategemea nani anasimulia,
alipiga kona ikajiingilia yenyewe,
upepo wa Agosti ukitoka upande wa dohani kubwa,
na kipa akaapa kwamba goli lile ni la upepo.
Picha hakuna. Refa naye alishakufa.

"Muweke," akasema Mande, sauti chini.
"Wapi?"
Mtu akachochea makala.
"Kumi na moja," akasema Kapya.
"Orodha ni ya kumi," nikasema.
"Najua."

Mama Odila akatoka jikoni, macho mekundu,
moshi, na si moshi tu.
Alitaka kitabu; fundi wa sanduku anangoja jibu.
Akakifungua kinyumenyume.
Akasoma, kidole chini ya kila jina,
kama anayetafuta mdaiwa.
"Hawa," akauliza, "wamechanga kiasi gani?"

Tukatazama viatu vyetu.
Kisha Mande akainama, akavuta noti kutoka kwenye soksi.
"Andika elfu kumi."
"Jina lako la shule au la nyumbani?"
"Andika Pele."
Bonifasi akatoa elfu saba kwa Maradona, kwa mkono wa kushoto, kwa makusudi.
Kijana wa salio, aliyekuwa na mia tano tu,
akachagua beki mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia.

Siku ya kuondoa matanga
katekista alisimama na kitabu, akasoma wachangiaji wote kwa sauti ya Injili,
hakuruka hata mmoja:
"Pele, elfu kumi. Tunamshukuru."
Shangazi wa Kipushi akaniinamia sikioni:
huyu Pele, mbona hatumjui,
ni wa upande wa mume au wa mke?

Nikafikiri kidogo.
Wa kushoto, nikamwambia.