Kusikia kwa Meno

Ililetwa kwa trekta, imelazwa juu ya magunia,
injini ya Fodi ya mwaka wa ishirini na tisa.
Kuku wa mjane Sosa walikuwa wametagia humo
tangu kabla sijazaliwa.
"Imekufa," nikasema.
Don Anselmo akainama, akanusa tundu la plagi
kama anayenusa maziwa ajue yamelala siku ngapi.
"Imeganda tu. Usiitangulizie matanga."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, binti wa mwoka mikate wa jirani.
Nilitumwa kupeleka mkate, nikachelewa kurudi,
kisha nikaacha kurudi mapema kabisa.
Mwanawe, Valter, alikuwa Montevideo akiuza bima.
Ovaroli yake ilining'inia msumarini. Nikakunja mikono mara tatu.

Tukajaza dizeli silinda zote nne, tukasubiri.
Ilikuwa Julai, Paisandu, ukungu wa mto
umeingia hadi kwenye meza ya vyuma.
Kila asubuhi kipande cha mti juu ya pistoni,
nyundo moja, ndogo.
Mimi nilipiga kama ninayeua nyoka.
Akanishika kiwiko: "Unavunja mlango wa nani?
Bisha hodi."
Siku ya kumi, pistoni ya pili ikaitika,
unene wa ukucha.

Beringi za injini zile haziuzwi dukani.
Unayeyusha bati, unazimimina mwenyewe.
Kipimajoto? Alicheka mpaka akakohoa.
Chovya kijiti cha msonobari:
kikitoka cheupe, bado;
kikiwaka, umeunguza;
kikitoka na rangi ya ganda la mkate —
hapo akanitazama, kwa kuwa ganda la mkate
nililijua kuliko yeye.

Ya kwanza ilikuwa na kiputo. Akaipasua.
Ya pili sikuona kasoro. Akaipasua.
Ya tatu nililia, nikaipasua mwenyewe,
naye akaniambia ile ilikuwa nzuri.

Kisha wiki mbili za kukwangua.
Paka buluu kwenye shafti, zungusha, fungua,
palipogusa pamebaki buluu, kwangua hapo,
unywele tu, paka tena.
Buluu iliingia kwenye kucha, kwenye mito ya kulalia,
mama akaikuta ndani ya unga.

Siku ya kuiwasha alinipa hendeli.
"Kidole gumba kiwe upande mmoja na wenzake.
Ikirudisha teke, iuteme mkono, isiuvunje."
Akanionyesha chake, kilichopinda tangu mwaka wa hamsini na nne.
Nikazungusha. Kimya. Nikazungusha.
Ikapiga chafya ya masizi, manyoya mawili ya kuku,
halafu ikakamata,
na bati lote la paa likaanza kuzungumza.

Niliruka. Nilimkumbatia mjane Sosa, ambaye hakuwa amejiandaa.
Don Anselmo hakusogea.
Ndipo nilipofahamu kwamba hasikii,
kwamba miezi yote ile alikuwa akiisoma midomo yangu
na kujibu kwa kubahatisha.

Akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti,
ncha akaitia kwenye injini, mpini akauuma kwa meno.
Akafumba macho. Akahama, silinda hadi silinda,
kama daktari mwenye wagonjwa wanne kitanda kimoja.
Akainua vidole vitatu.
"Ya tatu," akasema. "Siyo leo. Mwezi ujao itakusumbua."
"Inaenda vizuri!" nikapaza sauti.
Akanipa bisibisi.

Mpini ulikuwa na mashimo ya meno yake,
miaka sitini ya meno, mengine hayakuwepo tena kinywani.
Ulikuwa na ladha ya chumvi na petroli.
Nikauma mahali palepale. Haukunikaa; mdomo wake mpana.
Kwanza fuvu lote likajaa ngurumo.
Kisha, nyuma ya ngurumo, mbali, kwa adabu,
mtu anabisha hodi.

Nikaizima.
Mjane akauliza kuna nini.
Nikaenda kutafuta spana.