Ajenda Namba Sita

Winnipeg, Januari. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magari yamechomekwa nyaya za umeme puani kama wagonjwa wa wodi.
Ndani, ghorofa ya nne, juu ya soko la zamani la ngano,
aktuari mia moja arobaini na mmoja wamevua makoti.
Akidi imetimia. Nimeandika: imetimia.

Mimi si mwenzao. Mimi ni mwandika kumbukumbu,
mwaka wa kumi na tisa huu, kwa malipo ya kikao.
Wao wanajua, kati ya watu laki moja waliozaliwa mwaka mmoja,
wangapi watafika themanini, wangapi hawatafika Jumanne.
Hawajui nani. Nani si kazi yao.
Ila chama chao wenyewe hawakuwahi kukipigia hesabu

mpaka Halldor Sigmundson, miaka ishirini na saba barazani,
aliposimama na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Akasema: nimelitengenezea baraza jedwali lake la vifo.
Viti thelathini. Wastani wa umri, sitini na nane.
Wanaoingia kwa mwaka, mmoja na nusu.
Akatulia. "Hiyo nusu ni mimi, nilipotoka hospitali."
Wakacheka kile kicheko cha watu wanaojua kugawanya.

Basi hoja: viti thelathini viwe kumi na viwili.
Mihula isizidi miwili. Viti vya matawi vifutwe,
bima ya maisha, mafuriko, pensheni,
wote waingie kwa mlango mmoja, kwa kura moja.
Na ukutani, kwa mwanga wa projekta, malengo ya miaka mitano:
Kukua. Kuaminika. Kushirikisha.
Maneno matatu yaliyooga, yakachana nywele,
yakakaa mstari wa mbele bila kumjua mtu.

Bernadette Lavallée wa pensheni hakupandisha sauti.
Alikuwa na kikohozi, na chupa ya chai aliyotoka nayo nyumbani.
"Kule kaskazini, barabara inakoishia,
kuna mjane wa mchimba zinki.
Mwaka ule mfuko ulipotoboka, ni kiti chetu hiki kibovu
kilichokaa hapa siku tatu kikikataa kutia saini.
Nionyesheni, kati ya maneno hayo matatu,
yeye anakaa wapi."

Asiyekuwepo na lake halipo. Hilo sikuliandika.
Niliandika: mjumbe aliomba ufafanuzi.

Mwenyekiti akasema, lengo la tatu linamhusu.
Mtu wa nyuma akasema, hapana, la pili.
Kisha Orysia Hnatiuk, mdogo kuliko wote,
aliyefaulu mtihani wake wa mwisho Novemba, wa kumi,
akasema polepole: "Anakaa kwenye tanbihi."
Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa kejeli au jibu.

Tukapiga kura. Theluthi mbili ni tisini na nne.
Nikazihesabu kwenye meza yenye chengachenga za biskuti,
mara mbili, kisha mara ya tatu, kwa kuwa walikuwa wananitazama
watu ambao kosa la moja huwanyima usingizi.
Ndiyo, tisini na nne.
Hapana, arobaini na sita.
Na moja haikutiwa alama popote,
ila pembeni, kwa penseli: lengo la nne?
Ilikuwa imekunjwa mara nne.

Sikuinua macho.
Nikasoma: iliyoharibika, moja. Hoja imepita.
Makofi yakaja, mafupi, ya watu wenye treni na watoto.
Dirishani nilimwona Halldor, bila kofia, mzee yule,
akichomoa waya wa gari la Bernadette,
akiukunja vizuri, pete juu ya pete,
naye Bernadette amesimama kando, hasemi kitu.

Kanuni inasema kura zisagwe baada ya siku thelathini.
Siku thelathini zikapita.
Nikazisaga mia moja na arobaini.