Namba 0417

Nilifika Tutuo na kishikwambi cha mradi,
katoni ya sabuni za kushukuru watu,
na fomu ya ridhaa, kurasa nne,
ambazo kwa Kinyamwezi nilizifupisha hivi:
Kohoa hapa. Mashine ijifunze.

Lusangija akakohoa mara tano, kama nilivyomwelekeza.
Ya sita ikaja yenyewe.
Akacheka, akachovya dole gumba kwenye wino,
kisha akalifutia kwenye gunia la tumbaku.
Jina lake likabaki kwenye daftari langu.
Yeye akawa 0417.

Misimu miwili ya tumbaku imepita.
Nyanzobe amekuja kwa baiskeli hadi ofisini Sikonge,
kamba ya mizinga bado imezongwa kwenye keria.
Kiti hakutaka.
"Kile kikohozi cha marehemu,
mlikiweka wapi?"

Nikafungua ukurasa wa tatu, nikamsomea:
mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote
bila kueleza sababu.
"Na aliyetolewa?"

Wakubwa nilikuwa nimewaandikia. Walijibu kwa adabu:
sauti yenyewe imefutwa,
ila mashine imekwisha kujifunza,
na kilichojifunzwa hakina mlango wa kutokea.
Hilo unamwambiaje mrina asali?
"Ni kama asali, mama," nikaanza,
"huwezi kurudisha kila tone kwenye ua lake..."

"Asali naijua," akanikata.
"Mrina haombi ridhaa ya nyuki.
Ndiyo maana huenda usiku, na moshi."

Feni ya ofisi ilikuwa inazunguka. Niliitazama hiyo.

Kuna jambo sikuwaandikia wakubwa:
nakala moja ilibaki kwenye simu yangu.
Ni kosa. Wenzangu wamefukuzwa kwa dogo kuliko hilo.
Nikafunga mlango, nikabonyeza.

Moja. Mbili. Tatu, nne, tano.
Halafu ile ya sita.
Kicheko. Jogoo wa jirani.
Na nyuma kabisa, upande wa bani,
mwanamke: "Mpeni maji jamani, mnamchosha!"

Akashika ukingo wa meza.
"Huyo ni mimi."
"Ndiyo."
"Mimi sikuweka dole."

Kweli. Katika kurasa zote nne
hamna mstari wa aliyesimama nyuma na kikombe.
Na huko iliko, sijui nchi gani,
mashine inasikiliza vifua vya watu isiowajua,
na ndani ya kusikiliza kwake
mke wa mtu anamwonea mumewe huruma.

"Rudia," akasema.
Nikarudia.
Akaomba tena, nikarudia tena,
safari hii midomo yake ikitangulia maneno,
mpeni maji jamani,
kama anayejisahihisha.

Kisha akasema: "Sasa futa. Nikiona."

Nikagusa alama ya pipa la taka.
Simu ikauliza: Una uhakika?
Nikamsomea swali hilo kwa Kinyamwezi,
lote,
bila kulifupisha.