Vaa Yako Kwanza

Kwetu Kiwira mgeni hula kwanza.
Mama akipakua ndizi, upawa wake
huzunguka mkeka mzima, mzee, mtoto, mpita njia,
ukarudi kwake na mchuzi mtupu.
Nimelelewa hivyo: mkono wangu ndio wa mwisho chunguni.

Siku ile, futi elfu thelathini na saba,
tumetoka Ndola na abiria wanne,
Mbeya imejifunika mawingu ya Aprili,
ukatokea mlio, wala si mkubwa,
kama mtu aliyefungua debe la mafuta ya taa,
kisha ukungu mbele ya macho yetu,
ukungu wa Uporoto, ule wa alfajiri.
Umeingiaje humu?

Masikio yakaziba, yakazibuka. Karatasi zikaruka.
Kipimo cha hewa ya ndani kikapanda mbio
kama mbuzi aliyekata kamba.

Na nikafurahi.
Hilo sijamwambia mtu.
Wazazi waliniita Tusekile, yaani tumecheka,
na hewa ilipokwisha nililistahili jina:
kucha zangu za bluu zilinichekesha,
mishale ya vipimo ilinichezea ngoma,
nikageuka nyuma kumtazama bibi wa kiti cha pili,
yule mwenye bandeji jichoni, na mjukuu wake,
barakoa zinaning'inia juu yao kama vibuyu,
nikaanza kufungua mkanda niende nikamvalishe,
mgeni kwanza,

Kapteni Mgaya akanipiga kofi la bega.
Uso wake ulikuwa tayari ndani ya mpira.
Akaninyooshea kidole: wewe.
Si yeye. Si wao. Wewe.

Sekunde ngapi? Kitabu chasema thelathini, huenda sitini.
Nikavaa. Nikavuta.
Pumzi ya kwanza ilikuwa na ladha ya bati.
Ya pili ikanirudishia hofu yangu,
nikaipokea kama ndugu aliyechelewa msibani.

Ndipo kazi. Kinasa sauti cha Kapteni kimekufa,
tukasemezana kwa mikono, mabubu wawili kwenye mteremko.
Nguvu za injini, chini. Breki za mbawa, juu. Pua, bondeni.
Mimi redioni: meidei, meidei, meidei,
Songwe, tumepoteza hewa, tunashuka.
Sauti yangu ilikoroma kama ya mtu aliyelala.

Kitabu chasema shuka hadi futi elfu kumi.
Lakini kitabu hakikuzaliwa Rungwe.
Mlima wetu unakaribia kimo hicho, na wingu halina macho.
Aliyeandika elfu kumi aliwaza nchi tambarare.
Nikaweka kidole juu ya ramani, upande wa Rukwa:
kushoto, Kapteni, kule bonde limelala wazi.
Akanitazama kidogo tu.
Akapinda.

Elfu ishirini. Kumi na tano. Kumi na mbili.
Wingu likachanika, na chini, maji ya Rukwa
yaking'aa rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Tukavua. Harufu ya jasho letu! Nzuri mno.

Nikageuka tena.
Bibi alikuwa amevaa yake, barabara, kamba nyuma ya kilemba,
na mtoto amevaa yake, anamchezea bibi kidole.
"Nilianza mimi," akasema, kana kwamba anaungama,
"ulituambia hivyo pale Ndola. Nikakusikiliza."

Songwe walituwekea gari la zimamoto
na chai ya maziwa kwenye chupa.
Fundi Ambokile alikuta mpira wa mlango umechanika,
mpasuko usiozidi urefu wa kiberiti.
Kapteni alitia sahihi mara mbili; ya kwanza haikusomeka.

Jumapili nilikwenda Kiwira.
Upawa ukaanza kuzunguka.
Nikasema, Mama, leo anza na wewe.
Akacheka: "Kwani chakula kitakwisha?"
Sikumjibu.
Nilishika sahani yangu, nikihesabu moyoni,
thelathini, huenda sitini,
hadi alipojipakulia.