Saa Mbili ya Baba

Faili halipandi.
Tangu Jumatatu kiduara cha buluu kinazunguka pembeni mwa kioo,
kinasimama, kinazunguka tena,
kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.
Chini yake pameandikwa: Inasawazisha.

Nimetoka zamu ya usiku, kiwandani kwa nyumba za magurudumu,
gundi bado ipo kuchani.
Nje, Hull inanyeshewa na ile mvua ya Novemba
isiyojulikana ilianza lini.
Baba yuko kitini, shuka magotini.
"Beti kumi na saba, Mwantumu.
Juzi zilikuwa kumi na saba. Sasa ziko tatu."

Nikaanza na ya kila mtu:
nikazima, nikawasha.
Nikachomoa ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikairudisha.
Nafasi? Tele. Baba hana picha za kujaza ghala la mtu.
Neno la siri? Sahihi: jina la mama
na mwaka aliomkataa mara ya kwanza.

Nikakuta faili jingine limekwama, linaitwa
"Nani kaniita Ulaya?"
Wingu halitaki alama ya kuuliza katika jina.
Nikaifuta, faili likapanda.
Baba akanung'unika: "Sasa linasomeka kama shutuma."

Lakini utenzi, la.
Beti tatu, na weupe.

Ndipo jicho likaangukia kona ya kioo.
2:10.
Na saa ya jikoni, mshale wake mfupi juu ya nane.

Siku tatu nimeitazama namba ile bila kuiona,
kwa sababu ndivyo tusemavyo.
Saa mbili na dakika kumi, asubuhi. Kosa liko wapi?

"Baba, nani kagusa saa ya kompyuta?"
"Niliisahihisha Jumapili. Ilikuwa inasema nane.
Watu hawajanywa chai, nane gani?
Nane ni mchana, sufuria zimeshaoshwa."

Nikakaa chini, kwenye zulia.
Maana wingu halijui shairi, linajua mhuri wa saa.
Jumanne jioni, ndani ya basi, niliufungua utenzi kwa simu
nikaongeza koma moja. Moja tu.
Simu ikapiga mhuri: kumi na saba kamili.
Usiku baba akaketi, akatunga beti kumi na nne,
na kompyuta yake, mtiifu, ikapiga: kumi na nne kamili.
Wingu likalinganisha.
Likaona koma yangu ndiyo changa,
jasho lake ndilo kuukuu,
likachagua koma.

Sikumwambia hilo. Nilimwambia, "Saa ilipotea kidogo."

Nikaiachia kompyuta ijiwekee saa yenyewe.
Ikaruka masaa sita kwa pigo moja.
Baba akaitazama kama unavyomtazama mtoto
aliyekuponyoka mkono barabarani.

Kisha matoleo ya awali: nikashuka, Alhamisi, Jumatano,
hadi Jumanne. Zilikuwepo, zote, na hii ya nne:

    Nimekuja ng'ambo hii
    na saa hainitii
    mchana haunijii
    ila umeshaondoka

Akaisoma kwa sauti, akihesabu mizani kwa vidole juu ya shuka.
"Hiyo koma hapo juu," akauliza, "ya nani?"
"Yangu."
"Itoe."
Nikaitoa.

Kiduara kikazunguka mara ya mwisho, kikawa tiki ya kijani.
Jumamosi nitakwenda sokoni kumnunulia saa ya ukutani,
ya bei rahisi, nitairudisha nyuma sita,
niitundike juu ya meza yake. Hiyo haisomwi na wingu.

Simu ikalia. Riziki, kutoka Muheza:
Zimefika zote, nachapa. Hapa saa tano na dakika arobaini, jua kali.
Huko saa ngapi?

Kwenye kona ya kioo: 8:40.
Nikaandika: Saa tatu kasoro dakika ishirini.
Baba anakunywa chai.