Jumanne ya Nne

Leland Aho, miaka hamsini na miwili,
alitoka gerezani na mifuko miwili ya karatasi:
mmoja nguo, mmoja vidonge vya siku kumi na nne.
Siku ya kumi na tano hakuna aliyeifikiria.

Mimi ni afisa wake wa parole, hapa Duluth,
ambapo ziwa huganda hadi likasahau kuwa ni maji.
Faili lake lina masharti kumi na saba.
La nne: afike ofisini saa tatu kamili.
La tisa: achomwe sindano kila Jumanne ya nne.
Sharti la nani amsikilize sikuliona,
zile sauti zinapoanza kumgombeza
kwa lafudhi ya baba yake.

Jumanne hii hakuja.
Saa tatu ikapita. Saa nne.
Kompyuta ikanikonyeza: hati ya kukamatwa, bonyeza hapa.
Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma.
Mkono unaoushika hawautaji.
Nikavaa koti.

Kituo cha basi, maktaba, kanisa la supu ya bure.
Verna wa nyumba ya mpito akasema kwenye simu,
"Usiku kucha alikuwa anatembea ukumbini. Jaribu kwa dobi."

Nilimkuta ameketi katikati ya mashine za kukaushia,
zote zinazunguka, hazina nguo.
Amemaliza sarafu zake.
"Hizi zikinguruma," akasema, "wale hunyamaza.
Basi lilipokuja nikashindwa kuziacha."

Ungepiga simu, nilitaka kusema.
Lakini simu yake ilikatwa Ijumaa;
ile barua niliiona,
nikaiweka chini ya barua nyingine.

Nikapekua mfuko wangu, nikapata sarafu tatu.
Tukakaa.
Ndani ya mashine ya sita kulikuwa na kifungo cha shati,
kimoja, cha mtu asiyejulikana,
kikigonga kwa adabu kama mgeni anayebisha hodi.

Saa tano nikampigia nesi Odegaard: iweke tayari, tunakuja.
Fomu niliijazia juu ya mashine,
mwandiko ukitetemeka pamoja nayo:
*Amehudhuria. Mahali: penye joto.*

Garini akaniuliza kama nitamwandikia vibaya.
Nilikuwa nakwangua barafu ya kioo kwa upande wa ndani,
sikumjibu upesi.
Nilipogeuka alikuwa amefumba ngumi magotini,
akaifungua kidogo, nione:
alikuwa amekichukua.
Kifungo chake. Bado miezi kumi na minane.